Anadarizi majina ya watoto wa wenzake, mjukuu wake alizikwa bila jina

Saa mbili kasorobo asubuhi, maturubai ya soko la Nachingwea bado yana umande na Mwanawetu Ismaily ameshakaa nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga. Mbele yake kuna kofia nyeupe ya mtoto, ndogo hata chungwa lingeivaa kwa shida. Anaibana kwenye fremu ya duara, anatia uzi wa waridi, anaanza kukanyaga polepole.

Herufi ya kwanza ni N. Inamchukua dakika tatu. Zikifuata nyingine tatu kofia itasomeka Nuru, na mwenyewe ataichukua akishamaliza kununua dagaa.

Mbele ya meza amesimama mteja mwingine, binti wa miaka ishirini hivi, mtoto mgongoni na simu mkononi. Shikamoo ameitoa huku macho yakiwa kwenye kioo cha simu.

"Mama, nataka jina fupi halafu lisiwe la kishamba," anasema. "Nimegugo nikapata hili, Kiara. Lina maana gani?"

"Muulize aliyekupa," anajibu Mwanawetu bila kuinua kichwa. "Mimi nauza ninayoyajua."

"Kwani wewe unayajua yapi?"

Hapo Mwanawetu anasimamisha cherehani. Swali hilo huulizwa karibu kila siku, naye hulijibu kila siku kwa hamu ileile ya mtu anayeulizwa habari za watoto wake. Anatoa daftari chini ya meza, lenye jalada alilolishona mwenyewe kwa uzi baada ya kuchanika, analisogeza mbele.

"Zena, hilo la Kiarabu, ni pambo. Hiba, Kiarabu pia, zawadi ya kupewa bure. Lulu unaijua mwenyewe. Huda ni uongofu, yaani mtu asiyepotea njia. Sofia limetoka kwa Wagiriki, maana yake hekima, ila hapa Waislamu wanalo na Wakristo wanalo, hakuna anayemgombeza mwenzake. Zuhra ni ile nyota kubwa ya alfajiri. Asha ni Aisha lililofupishwa. Anayeishi, ndiyo maana yake."

Binti anayaonja mdomoni moja moja. "Huda," anasema mwishowe. "Kali hiyo. Hata kwenye status linakaa poa."

Mwanawetu hacheki. Anamuuliza swali ambalo kwake hutangulia bei: "Mtoto kazaliwa lini?"

"Ana siku kumi na moja."

"Haya. Huda. Njoo saa sita."

Mwanawetu ana umri wa miaka 54 na kazi yake ni hiyo: kudarizi majina ya watoto wachanga kwenye kofia na mashuka. Wengi wanaomfuata ni wazazi wa watoto wa kike, kwa sababu kwa wavulana, anasema, baba huwa ameshaamua jina la babu yake na hana haja ya kofia. Kila herufi ni shilingi mia tano. Ndiyo maana wateja wake, wenye nacho na wasio nacho, huomba jina fupi.

"Halafu kofia ya kichanga haina uwanja," anaeleza. "Mtu anakuja anataka Mwanahamisi. Nitaanzia sikio hili nipitilize lile, hiyo I ya mwisho itakuwa kisogoni. Na atalipa elfu tano na mia tano kwa kofia aliyoinunua elfu mbili. Namwambia, mwanangu, mwite Hami, yatosha."

Siku nzuri hudarizi vitu sita. Mwezi huu wa Julai, ambapo watu wengi bado wanasubiri fedha za ufuta, anashukuru akipata viwili. Chumba anachopanga mtaa wa nyuma ya soko kina kitanda, jiko la mkaa na cherehani ya pili iliyokufa ambayo huitoa vyuma ili ya kwanza iishi.

Daftari ndilo mali yake. Lina majina 214 ya kike yasiyozidi herufi sita, na mbele ya kila jina ameandika limetoka wapi na lina maana gani. Aliishia darasa la saba. Maana za Kiarabu amezipata kwa mashekhe waliokuja kudarizisha kofia za watoto wao, za Kizungu kwa manesi, na nyingine kwa wateja wenyewe. Ameziokota kama watu wanavyookota korosho, moja hapa, moja kule, mpaka kapu likajaa.

Majina ya Kimwera ya akina bibi yapo ukurasa wa mwisho. Hakuna anayeyaagiza. "Nimeyaandika tu yasilale nje," anasema.

Ukikaa naye nusu siku utaona jambo moja ambalo wauza bidhaa wengine sokoni hapo humcheka nalo. Anafukuza wateja. Saa tatu na nusu anafika baba mmoja akitokea hospitali, uso umejaa furaha, anataka kofia iandikwe Neema. Mtoto kazaliwa jana.

"Hongera sana, baba," anamwambia. "Njoo siku ya nane."

"Siku ya nane tutakuwa tumesharudi Nambilanje, mama."

"Basi mtanitumia kwa mtu wa gari. Siku saba zisipotimia sidarizi."

Baba huyo anaondoka akinung'unika na herufi tano zinaondoka naye.

Sharti hilo lina umri wa miaka tisa. Mwanawetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, hana mteja wa kumchagua, alipokuja mama mmoja akaagiza kofia kwa ajili ya mtoto wa siku tatu. Jina lilikuwa Salma, lenye maana ya usalama. Akalidarizi kwa uzi wa bluu na ua pembeni, bila malipo ya ua. Mama hakurudi. Wiki ya pili alipita jirani yake kumwambia asimsubiri.

"Ile kofia nilikaa nayo mwaka mzima," anasema Mwanawetu. "Kumpa mwingine siwezi, ni jina la mtu. Kufumua nilijaribu. Uzi unatoka, lakini matundu ya sindano yanabaki, ukiiweka juani unasoma vilevile Salma. Nikasema basi, sitamwandika tena mtoto ambaye hajafika saba."

Siku ya saba ndiyo siku ambayo familia nyingi za Kiislamu za huku humnyoa mtoto, humchinjia mbuzi wa akika kwa wenye uwezo, na kulitangaza jina. Kuisubiri siku hiyo ni desturi ya watu wengi. Kwa Mwanawetu, baada ya ile kofia, iligeuka kuwa amri. Na amri aliyoitunga kwa ajili ya meza ya sokoni akaipeleka nyumbani kwake.

Hapo ndipo simulizi hii inapoanza kuuma, na mwenyewe anaizungumza huku akiendelea kukanyaga, macho kwenye sindano.

Mwanawetu alizaliwa Narung'ombe, wilayani Ruangwa, kwa wazazi wakulima wa ufuta na mikorosho. Mama yake aliteseka siku mbili kabla ya kumzaa, hivyo akapewa jina la Tabu. Alilitumia hadi alipotoka unyagoni. Kwao mwari akitoka unyagoni hutoka na jina jipya, na lile la utoto huachwa hukohuko. Kumwita mtu kwa jina aliloliacha ni kumtukana.

"Somo yangu, aliyenifunda, akanipa Mwanawetu, mtoto wetu sote. Hadi leo mtu akiniita Tabu namnunia," anasema. Kisha anaisimamisha cherehani. "Mimi nimekuwa na majina mawili. Mjukuu wangu hakupata hata moja."

Mjukuu huyo alizaliwa Machi mwaka jana. Mama yake ni Fauzia, mtoto pekee wa Mwanawetu, mwenye miaka 23 sasa, aliyeolewa na kijana mchimbaji wa dhahabu wa Namungo aitwaye Harithi. Fauzia alikuwa amekwenda kijijini Narung'ombe kujifungulia karibu na mama yake, ambaye alikuwa huko kwa ajili ya palizi. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi minane. Uchungu ulianza shambani, na mtoto wa kike akazaliwa nyumbani, mdogo, kabla ya usafiri wa kuwapeleka zahanati kupatikana.

"Alilia," anasema Mwanawetu. "Sauti ya paka, lakini alilia. Alifungua macho akaniangalia, sikudanganyi."

Fauzia alitaka kumpa jina palepale. Harithi, kwa simu, naye alitaka. Bibi mtu akakataa. Akawaambia wasubiri siku ya saba kama watu wote, wasimchokoze Mungu. Ni yeye mwenye daftari la majina, ni yeye anayejua mambo haya, nani angembishia? Usafiri ulipopatikana mtoto alipelekwa zahanati, akaandikwa kwenye kadi "Mtoto wa Fauzia" na jioni ya siku ya tano akafariki.

Kilichofuata Mwanawetu anakisema kwa kifupi mno. Wanawake wanne walimbeba mtoto hadi pembeni mwa shamba la mikorosho, wakachimba, wakamfukia, wakarudi. Hakuoshwa kwa taratibu wala kuswaliwa. Msikitini hakukutangazwa msiba.

"Wangemtangaza nani?" anauliza. "Kipaza sauti kinataka jina. Fulani binti fulani amefariki. Sisi hatukuwa na fulani."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mwanamke huyu ameshayaweka majina kwenye vichwa vya watoto wasio na hesabu wa Nachingwea na vijiji vyake, na damu yake mwenyewe aliiacha iende ikiwa tupu.

Angeweza kuishi na hilo kama watu wanavyoishi na mengi. Ila miezi minne iliyopita alikuja mteja mwingine, Shekhe Mahamudu, mzee wa makamo anayefundisha madrasa mtaa wa jirani, akitaka shuka la mjukuu wake. Mtoto alikuwa na siku mbili. Mwanawetu akamfukuza kama anavyowafukuza wote. Shekhe akavuta kigoda, akamwambia kwa upole kwamba siku ya saba ni nzuri na inapendeza, lakini jina laweza kutolewa hata siku ya kwanza, haina ubaya.

"Nikajikuta nimemuuliza," anasema. "Na aliyekufa kabla ya saba? Akaniuliza, alilia? Nikasema alilia. Akasema basi huyo ni mtu kamili, alistahili kuoshwa, kuswaliwa na kupewa jina lake. Akaniambia hata sasa hamjachelewa, mpeni. Shuka lake nililidarizi siku ileile, sikuchukua hela."

Mwandishi wa makala haya alimuuliza kama alimweleza Fauzia maneno hayo. Mwanawetu alikata uzi kwa meno, akapapasa mezani kama anatafuta sindano iliyokuwa palepale.

"Sikumwambia," alisema. "Ningeanzia wapi? Nimwambie mwanao alistahili jina siku ya kwanza, na aliyekuzuia usimpe ni mimi? Alikuwa na mimba nyingine, nikasema nitamuua na huyu wa tumboni. Nikanyamaza."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uchungu wa mzazi aliyemkosea mwanawe nadhani hauna hata methali.

Mimba hiyo ya pili nayo haikutimia. Jumatatu ya wiki hii Fauzia amejifungua tena, safari hii hospitalini, mtoto wa kike wa gramu 1,400. Siku ya pili alisahau kupumua mara mbili na nesi akamkumbusha kwa kumkuna nyayo. Siku ya tatu uzito ukashuka hadi 1,320. Leo ni Alhamisi, siku ya nne. Kwenye kadi ameandikwa kama alivyoandikwa dada yake, "Mtoto wa Fauzia".

Mwanawetu sasa anataka apewe jina leo hii, kabla jua halijazama. Baba mtu, ambaye yuko machimboni Namungo, ameshasema kwa simu kwamba atakubali jina lolote mradi mwanawe aishi. Anayekataa ni Fauzia. Jumanne alikataa, jana akakataa, na hasemi sababu.

"Anaogopa," anasema bibi mtu. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anaona akimpa jina ndiyo anamwita malaika wa mauti aje kumsoma. Na mimi ndiye niliyemfundisha woga huo."

Kwa nini asimpe jina yeye mwenyewe, kimyakimya, kama bibi?

"Nitakuwa nimemwibia mama yake. Nimeshamwibia mara moja."

Saa sita binti wa simu anaichukua kofia yake ya Huda, analipa, anaipiga picha kabla hata ya kumvalisha mtoto. Mwanawetu anafunika cherehani kwa gunia, anamwomba muuza nyanya wa jirani aiangalie, anabeba chupa ya uji wa ulezi na kapu. Ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu hadi hospitali. Njiani anasalimiwa na akina mama watatu, na kila mmoja anamtaja kwa jina mtoto aliyembeba mgongoni, kama mtu anayemwonyesha fundi kazi yake mwenyewe. Mwanawetu anaitikia wote. Hakuna anayejua anakokwenda.

Akina mama wenye watoto njiti wanaruhusiwa kukaa barazani mchana, watoto wakiwa wamefungwa vifuani ngozi kwa ngozi. Fauzia amekaa mwisho wa benchi, kitenge kimemzunguka mara mbili. Kinachoonekana cha mtoto ni kofia ya sufu ya hospitali na kipande cha shavu chekundu. Fauzia ana miguu iliyovimba na macho ya mtu ambaye analala kwa kuiba.

"Umekuja na daftari tena," anamwambia mama yake baada ya kusalimiana.

"Nimekuja na uji. Daftari lilikuwemo kapuni."

Nesi Teddy, anayehudumia wodi hiyo, anapita na kadi mkononi. "Bibi, mjukuu wako leo kaongeza. Elfu moja mia tatu hamsini," anasema. "Msifurahi sana, msilie sana. Tunakwenda naye hivyohivyo." Anapoulizwa na mwandishi kuhusu kadi zisizo na majina, anasema huwaandika watoto wote kwa jina la mama mpaka mzazi alete la mtoto. "Wengine wanaleta siku hiyohiyo. Wengine wanasubiri. Wengine hawaleti, na mimi siwaulizi kwa nini."

Fauzia anakunywa uji. Mama yake anamwacha amalize kikombe cha kwanza.

"Mwanangu, leo ni ya nne," anaanza. "Unajua yule aliishia ngapi."

"Najua, mama."

"Nakuomba. Mpe lolote. Hata la herufi tatu."

"Mama, unadhani naogopa."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini si hilo linalonizuia." Fauzia anakishusha kikombe. Anaongea taratibu, mkono umeushika mgongo wa mtoto juu ya kitenge. "Huyu nikimpa jina ataitwa, ataitika, ataandikwa shule. Na mwenzake? Mwenzake atabaki kuwa lile jambo lililomtokea Fauzia mwaka jana. Hata Harithi anasema 'kipindi kile'. Siwezi kumpa mdogo mtu kitu ambacho mkubwa wake hakupata na hatapata tena. Nitakuwa nimemfukia mara ya pili."

Mwanawetu, mwenye maneno kwa kila mteja, aliinamia kapu lake na kulipanga ingawa lilikuwa limeshapangika. Alipoinua uso alikuwa anatokwa na machozi na hakuyafuta.

"Anaweza kupata," alisema.

"Nani?"

"Mkubwa. Anaweza kupata hata sasa. Shekhe Mahamudu aliniambia. Alisema yule alilia, kwa hiyo ni mtu, alistahili jina siku ileile. Aliniambia tangu mwezi wa tatu, nikakuficha. Mimi ndiye niliyewazuia, Fauzia. Ulitaka kumpa, nikakuzuia."

Fauzia hakupandisha sauti.

"Miezi minne," alisema.

"Minne."

"Nilikuwa nakulaumu, mama. Toka mwaka jana nakulaumu. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe, maana mimi kukuambia sina mdomo huo." Alivuta pumzi, mtoto akapanda na kushuka pamoja na kifua chake. "Lakini hili la shekhe ulipaswa kuniambia siku ileile. Hili ni baya kuliko lile."

"Najua."

"Hujui. Miezi minne nimekuwa nikimwita yule marehemu wangu 'wewe' tu, kumbe angekuwa na jina."

Mwanawetu hakuomba msamaha kwa maneno, au kama aliomba mwandishi hakusikia. Aliuegemeza mkono wake kwenye goti la bintiye, na bintiye hakuuondoa. Kisha Fauzia akamwambia alitoe hilo daftari.

Walilifungua pamoja. Fauzia alipita kurasa kwa kidole, harakaharaka, kama mtu anayetafuta namba ya simu anayoijua. Akasimama kwenye ukurasa wa herufi R.

"Hili. Raudha. Umeandika bustani."

"Ni bustani," alisema Mwanawetu. "Kiarabu. Bustani nzuri, yenye maji."

"Basi yule ni Raudha. Raudha binti Harithi."

Mwanawetu alilitamka jina hilo mara mbili bila sauti. Amelidarizi mara nyingi. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama hakuwahi kulisikia kabla ya hapo. Fauzia akatoa simu kwenye pindo la kitenge, akampigia mumewe, akamwambia mambo mawili kwa ufupi. Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine, kisha kukawa hakuna kelele. Alichojibu Harithi amekiweka mkewe kwake.

"Na huyu?" aliuliza Mwanawetu mwishoni, kwa woga wa mtu aliyekwisha kuomba sana.

"Huyu sihitaji daftari," alisema Fauzia. "Huyu ni Pili."

"Pili?" Mfanyabiashara ndani ya Mwanawetu aliamka, labda kwa sababu machozi yalikuwa yamemchosha. "Mwanangu, hilo la zamani. Siku hizi hakuna anayeliagiza. Na watu wanajua huna mtoto mwingine. Mtoto wako wa kwanza umwite Pili, si watauliza?"

"Si wa kwanza."

"Najua mimi na wewe. Wao watauliza wa kwanza yuko wapi."

"Ndiyo," alisema Fauzia. "Nataka waulize."

Nesi Teddy aliitwa. Alikata maneno "Mtoto wa Fauzia" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake Pili Harithi, akauliza kama ameandika sawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Haikuchukua hata dakika.

Mwandishi alikutana tena na Mwanawetu Jumatatu iliyofuata, siku ya nane. Pili alikuwa bado yuko wodini na uzito wake ulikuwa umefika gramu 1,410. Jumamosi alikuwa amesahau tena kupumua, mara moja. Madaktari hawakuahidi kitu, na familia imekoma kuwauliza. Akika itasubiri mtoto afike kilo mbili na Harithi apate mbuzi.

Lile sharti la siku ya saba Mwanawetu amelifuta. Mtu akija na mtoto wa siku moja, anamdarizia. Alipoulizwa itakuwaje kofia nyingine isipofuatwa, alisema itakaa, naye atajua ni ya nani.

Hajui kama bintiye amemsamehe. Uji anaupokea, daftari amemwachia wodini wenzake walisome, lakini kuna mazungumzo ambayo Fauzia huyakatisha na kugeukia ukutani. "Ana haki," anasema. "Nitapeleka uji."

Ijumaa ijayo anafunga kazi siku mbili aende Narung'ombe. Shekhe Mahamudu amekubali kwenda naye kusoma dua penye lile kaburi pembeni mwa mikorosho, na fundi seremala ameshachonga kibao cha mninga chenye herufi sita. Baada ya hapo ataomba msikitini, siku ya dua, jina litajwe kwenye kipaza sauti. Amechelewa mwaka mmoja na miezi minne, anasema, lakini kijiji hakijahama.

"Mungu akinijalia Pili akatoka, nitatembea naye soko zima," anasema Mwanawetu. "Na mtu akiniuliza mkubwa wake yuko wapi, sitainamisha kichwa. Nitamwambia anaitwa Raudha, yuko Narung'ombe."